Fundi Anajibu: Injini ya Toyota, Geji ya Land Rover

Mwezi huu nimeweka pamoja barua tatu zinazouliza jambo moja kwa sura tofauti: gari limebadilishwa injini, linatembea vizuri, lakini tangu siku hiyo mshale wa joto kwenye dashibodi haueleweki. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, na wale wawili wengine wataona kwamba sehemu ya majibu yao imo humo humo.

SWALI LA KWANZA

Ndugu Fundi, shikamoo. Mimi ni mkulima na ninayo Land Rover 109, Series III ya mwaka 1978, iliyokuwa na injini yake ya dizeli ya lita 2.25. Injini hiyo ilipochoka nilinunua ya Toyota 3L iliyotolewa kwenye Hilux, na fundi ameifunga vizuri; gari linavuta na linapanda milima ya Makete na magunia manane ya viazi bila kulalamika. Tatizo ni geji ya joto. Sensa iliyokuja na injini imeunganishwa kwenye waya wa zamani wa Land Rover, lakini mshale unasimama robo tu, hata nikiwa nimepanda mlima kwa nusu saa. Fundi anasema injini za Toyota hazichemshi ovyo, nisiwe na wasiwasi. Mwenzangu mmoja ameniambia niweke rezista kwenye waya ule, mshale utapanda. Nimsikilize nani?
Msomaji wa Njombe

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na kauli ya fundi wako, kwa kuwa inanitisha kuliko huo mshale. Injini yako ya zamani ilikuwa ya chuma cha kusubu kuanzia bloki hadi hedi, na ilivumilia mengi. 3L ina hedi ya alumini juu ya bloki ya chuma, na alumini ikipata moto kupita kiasi hupinda, gasketi ikaachia, ukaanza kuchanganya maji na oili. Kwa hali ilivyo sasa, siku injini itakapochemka kweli mshale wako huenda ukafika katikati tu, mahali ambapo kila dereva amezoea kupaona pa salama. Miaka mingi iliyopita nilifungiwa injini kwenye pikapu yangu katika gereji moja, sensa ikaachwa ileile iliyokuja na injini, na kwenye mlima wa Kitonga, mshale ukiwa chini ya nusu, nilisikia kwanza harufu tamu ya maji ya rejeta, kisha nikaona mvuke ukipenya pembeni mwa boneti. Tangu siku hiyo sifungi injini kabla sijaishughulikia geji.

Geji ya Series III ni mita ya umeme iliyoandikwa alama za joto. Ndani yake kuna kipande chembamba cha metali mbili zilizobandikwa pamoja, kilichozungushiwa waya laini. Umeme ukipita, waya hupata joto, kipande hupinda, nacho husukuma mshale, na ndiyo maana mshale huo hupanda polepole kama mtu mwenye uvivu. Umeme huo hutoka betri, hupita kwenye stabilaiza inayoushusha hadi wastani wa volti 10, huingia kwenye geji, kisha hushuka kwa waya mmoja hadi kwenye sensa iliyo kwenye injini, ambayo ndiyo njia yake ya kwenda ethi, yaani kurudi upande hasi wa betri kupitia chuma cha gari. Sensa ina punje ambayo ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia umeme usipite, hupungua kadiri inavyopata joto. Maji yakiwa ya baridi ukinzani ni mkubwa, umeme hupita kidogo na mshale hulala. Yakiwa ya moto ukinzani hushuka, umeme huongezeka na mshale hupanda.

Ukinzani hupimwa kwa omu, na kila mtengenezaji huchagua mwenyewe ni omu ngapi zimaanishe nyuzi ngapi. Kwa mfano, sensa za kampuni ya VDO zilizoenea sana, zile za hadi nyuzi 120, hutoa takriban omu 134 kwa nyuzi 60, omu 51 kwa nyuzi 90 na omu 22 kwa nyuzi 120. Toyota ana ngazi zake, Waingereza waliotengeneza geji yako wana zao. Ukichukua sensa ya huyu ukaiunganisha na geji ya yule, ni sawa na kupima kitambaa kwa mkono wa mtoto na kukikata kwa mkono wa mtu mzima. Sensa hufuata geji, haifuati injini. Injini inachotoa ni maji ya moto na tundu la kufungia. Haijali sensa ni ya nani.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba kosa liko kwenye sensa na si kwingine. Kwenye dashibodi yako geji ya mafuta na geji ya joto zinalishwa na stabilaiza moja, kwa hiyo kama zote mbili zinasoma chini, au zote mbili zimepanda, mkamate huyo stabilaiza kwanza, na uangalie kama mwili wake umegusa bodi vizuri, kwa sababu naye anahitaji ethi. Kisha ng'oa waya kwenye sensa, washa swichi bila kuwasha injini, na uguse bloki kwa ncha ya waya huo kwa sekunde chache tu: mshale unapaswa kuanza kupanda kuelekea alama ya moto, na ukiachia urudi chini. Ukiona unapanda, geji na waya ni vizima.

Jambo la tatu husahauliwa karibu kila mara injini inapobadilishwa, nalo ni ule waya mnene wa ethi unaotoka injini kwenda chesisi. Injini imekaa juu ya mipira yake, na kama waya huo haukurudishwa, umeme wa sensa hutafuta njia kupitia kebo ya kuongezea mafuta au popote inapobahatisha. Washa injini na taa kubwa, weka mita ya volti kati ya bloki na kichwa hasi cha betri. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, tengeneza ethi kabla ya kuendelea, huenda robo ya ugonjwa wako iko hapo.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Unahitaji sufuria, kipimajoto cha maji kinachofika nyuzi 110, mita ya omu na jiko. Ning'iniza sensa kwa waya ili ncha yake izame bila kugusa chini ya sufuria, ncha moja ya mita kwenye kichwa cha sensa na nyingine kwenye mwili wake, na uandike omu kila joto linapopanda nyuzi 10, kuanzia 50. Koroga maji unapopima, la sivyo kipimajoto na sensa vitakuwa katika maji ya joto tofauti. Na hapa wewe wa Njombe ujihadhari na jambo ambalo mtu wa Tanga hana haja nalo: huko kwenu, karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94, si 100. Nimewahi kuona karatasi ya fundi wa nyanda za juu aliyeandika "nyuzi 100" kwa sababu maji yalikuwa yanatokota. Vipimo vyake vyote vilikuwa vimehama.

Pima sensa zote mbili, ya Toyota na ile ya zamani ya Land Rover, ambayo natumaini hukuitupa pamoja na injini. Kama ya zamani imekufa au imepotea, iulize geji yenyewe: nunua rezista za omu 150, 100, 68, 47, 33 na 22, za wati 2 au zaidi, kwa kuwa zile ndogo za redio zitakuunguza vidole. Weka moja moja mahali pa sensa, kati ya waya na ethi, subiri dakika mbili mshale utulie, na uandike umefika wapi. Ukimaliza utajua geji yako inataka omu ngapi ili mshale ukae katikati, na omu ngapi ili uguse alama ya hatari.

Baada ya hapo dawa ni kuweka kwenye injini sensa inayosema lugha ya geji. Wengi hukimbilia kwa mkereza vyuma wakatengenezewa adapta, na hapo ndipo kazi huharibika bila mtu kujua. Sensa ya zamani ya Land Rover ni nene, wakati tundu la Toyota ni dogo. Ukitengeneza adapta yenye hesi nyembamba nje na hesi nene ndani, ncha ya sensa haipiti kwenye tundu, inabaki juu ndani ya kikombe chenye maji yaliyotuama na pengine kipovu cha hewa. Geji itasoma joto la kikombe hicho. Ncha ya sensa lazima iwe ndani ya maji yanayopita, na upande wa injini wa thamostati (kile kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto), siyo upande wa rejeta, kwa sababu ng'ambo ya thamostati maji hubaki ya baridi mpaka ifunguke, na thamostati ikigoma kufunguka utaonyeshwa ubaridi huku hedi inaiva. Kama nyumba ya thamostati ina mahali penye nyama ya kutosha, afadhali itolewe, itobolewe na kukatwa hesi za sensa nene mezani, au iongezewe nyama na mtu mwenye mashine ya kuchomea alumini. Usikubali itobolewe ikiwa kwenye injini, chenga zitaingia kwenye njia za maji.

Njia ninayoipenda zaidi ni rahisi kuliko hiyo, ila inahitaji uso mkavu. Tafuta sensa yenye hesi zinazoingia kwenye tundu la Toyota lakini yenye omu zinazokubaliana na geji yako. Mimi huenda kwenye duka la spea na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, kipimajoto na mita. Namimina maji kwenye kikombe, nasubiri yashuke hadi nyuzi 80, natumbukiza sensa moja baada ya nyingine mpaka nipate ninayoitaka. Muuzaji hunung'unika kwa ile ya kwanza na ya pili. Ya tatu naye anainama kuangalia mita. Angalia tu hesi zisikudanganye: hesi za bomba za inchi 1/8 za Kiingereza na za Kijapani zina meno 28 kwa inchi, za Kimarekani za inchi hiyohiyo zina meno 27, na sensa ya Kimarekani itaingia mizunguko miwili mitatu kwenye alumini kabla ya kukaza, mtu mwenye nguvu akaendelea kuisokota na kuiua hedi. Utepe mweupe wa mabomba uzungushe mara moja au mbili tu, kwa kuwa ethi ya sensa hupita kwenye hesi hizohizo.

Huenda pia unafikiria kuhamisha geji ya Hilux na kuileta kwenye dashibodi yako; inawezekana, kwa sharti kwamba ujue inakula volti ngapi. Baadhi ya geji za zamani za Toyota zililishwa volti 7 kutoka kwa stabilaiza yake ndani ya dashibodi yao. Ukiipa 10 itasema uongo, ukiipa 12 inaweza kuungua.

Sasa rezista ya mwenzako. Mshale wako uko chini, maana yake ukinzani ni mkubwa mno kwa geji. Kama alimaanisha ukate waya na kuiingiza katikati, ungeongeza ukinzani juu ya ukinzani na mshale ungeshuka zaidi. Kwa mshale ulio chini, rezista hufungwa sambamba, mguu mmoja kwenye waya wa sensa na mwingine kwenye ethi. Tuseme geji yako inataka omu 50 ikae katikati, lakini sensa ya Toyota kwenye nyuzi 90 inatoa omu 75. Ukifunga rezista ya omu 150 sambamba nayo, 75 mara 150 gawanya kwa 225 ni omu 50 kamili. Asubuhi, sensa ikiwa na omu 225, geji itaona 90, kwa hiyo mshale utaamka mapema kuliko injini. Injini ikipata moto mkali na sensa ikashuka hadi 40, geji itaona karibu 32, na mshale utaendelea kupanda. Kwa hiyo uongo mkubwa umebaki upande wa baridi, ambako hauui mtu. Ninaikubali kama dawa ya muda.

Ile ya kukata waya na kuweka rezista katikati, ambayo hutumiwa na wale ambao mshale wao uko juu mno, siikubali hata kwa muda. Sensa ya omu 35 ikiongezewa 15 inakuwa 50 na mshale unatulia katikati, mwenye gari anafurahi. Injini inachemka, sensa inashuka hadi 20, lakini zile 15 hazishuki na chochote. Geji inaona 35, mshale unasogea kidogo tu juu ya nusu, na dereva anaendelea kupiga mluzi.

Ukishafunga sensa sahihi, endesha gari mpaka lipate moto wake wa kawaida na ulinganishe na kipimajoto cha mwanga, kile kinachopima kwa mbali bila kugusa, kwenye nyumba ya thamostati, lakini paka kwanza doa la rangi nyeusi isiyong'aa mahali utakapopima, kwa sababu alumini inayong'aa hukidanganya kipimajoto hicho kikasoma chini sana. Mshale ukisimama mahali pake pa kila siku, weka alama nyembamba ya rangi kwenye kioo cha geji. Na kwa kuwa unaishi juu mlimani, badilisha mfuniko wa rejeta kama ni wa zamani. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9, yaani shinikizo la bar 0.9, huzuia maji yako yasichemke mpaka karibu nyuzi 115. Mfuniko uliolegea unakuacha kwenye zile 93 za sufuria, wakati thamostati yenyewe hufunguka kwenye 82 hivi.

SWALI LA PILI

Mheshimiwa Fundi, salamu kutoka Nanyuki. Nina Suzuki Sierra iliyokuwa na injini ya 1.3 ya kabureta. Nimeiwekea G16 ya Escudo pamoja na kompyuta yake. Fundi wa umeme aliunga waya wa geji kwenye sensa ya maji ya injini mpya. Geji haipandi hata robo, na tangu hapo gari linakunywa petroli kupita kiasi, linatoa moshi mweusi na plagi zimejaa masizi. Niliambiwa injini imechoka, lakini kabla ya kuifunga niliisikiliza ikiwa mzima kabisa. Je, nitafute nyingine?
Msomaji wa Nanyuki

JIBU

Usinunue injini. Mambo uliyoyataja yote mawili, mshale na moshi, yana chanzo kimoja, na kukiondoa hakutakugharimu zaidi ya sensa na asubuhi moja.

Injini ya kompyuta kwa kawaida huwa na sensa mbili za maji zilizokaa jirani. Moja ina waya mmoja, na hiyo ni ya geji. Nyingine ina nyaya mbili, na hiyo ni ya kompyuta. Geji haina haki yoyote kwayo. Ukinzani wa sensa ya kompyuta uko katika daraja jingine kabisa: kwa nyuzi 20 hutoa omu 2,000 hadi 3,000, na kwa nyuzi 80 bado iko kati ya 200 na 400. Geji ya Sierra inasubiri makumi ya omu, na ikikuta mamia hupitisha umeme kidogo tu, mshale ukabaki umelala.

Huo ndio upande wa geji, lakini upande wa kompyuta ni mbaya zaidi. Kompyuta hupeleka volti 5 kwenye sensa yake kupitia rezista iliyo ndani, kisha husoma ni volti ngapi zimebaki kwenye waya. Sensa ikiwa ya baridi volti huwa juu, ikiwa ya moto hushuka. Fundi wako alipounga waya wa geji pale, umeme wa betri ulianza kushuka kupitia geji na kuingia kwenye waya uleule, volti zikabaki juu, na kompyuta ikaamini kwamba injini imeamka sasa hivi katika baridi ya Mlima Kenya. Ikifikiri hivyo inaongeza petroli, na inaendelea kuongeza saa nzima.

Tenganisha nyaya hizo leo, na usiendeshe tena zikiwa zimeungwa, kwa kuwa kompyuta haikujengwa kupokea umeme wa betri mahali pale. Rudisha waya wa kompyuta kwenye sensa ya nyaya mbili peke yake, pamoja na ethi yake inayorudi kwenye kompyuta. Kisha tafuta sensa ya waya mmoja. Kama haipo au imevunjika, hapo ndipo unaporudi kwenye jibu la ndugu yetu wa Njombe: jaribu kwanza sensa ya injini yako ya zamani ya 1.3, kwa sababu ndiyo iliyozaliwa na geji uliyo nayo, na gari zote mbili zikiwa za mtengenezaji mmoja, uwezekano wa hesi kukubaliana ni mzuri. Lakini pima kwa maji ya moto kabla ya kuamini.

Wapo watu watakaokushauri ununue bomba fupi la alumini linaloingizwa katikati ya hosi ya juu, lenye tundu la sensa pembeni. Si kifaa kibaya, ila lina mambo mawili. Bomba hilo limezungukwa na mpira pande zote, kwa hiyo sensa haina ethi mpaka ulifungie waya wake hadi kwenye chesisi. Nimeona watu wakibadilisha sensa tatu kwa sababu hiyo tu. Na hosi ya juu iko ng'ambo ya thamostati, kwa hiyo utaona mshale umelala kwa muda na kisha kuruka ghafla. Kama injini yako ina tundu lake, litumie hilo.

Baada ya kutenganisha nyaya, safisha plagi na uendeshe kilomita mia hivi kabla ya kuhukumu. Masizi huchukua muda kuungua.

SWALI LA TATU

Fundi, mimi nina Land Cruiser 80. Injini iliharibika, nikafunga 1HZ nyingine iliyotumika, geji na sensa ni zilezile za gari. Mshale unapanda hadi karibu katikati na hautikisiki tena, niwe kwenye lami au nikivuta tela mlimani mchana wa jua. Rafiki yangu anasema geji imekwama. Kweli?
Msomaji wa Mwanza

JIBU

Haijakwama, imefundishwa kunyamaza. Geji za Land Cruiser hiyo zimetengenezwa kwa makusudi ili mshale ubaki mahali pamoja katika eneo pana la joto, tangu karibu nyuzi 80 hadi zaidi ya 100, kwa sababu wenye magari walikuwa wakiona mshale ukicheza kidogo mlimani wanakimbilia gereji. Ubaya wake ni kwamba mshale unapoamua kuondoka katikati, unaondoka kwa haraka, nawe unakuwa umebakiwa na dakika chache. Hata sensa uibadilishe mara ngapi, tabia hiyo iko ndani ya geji.

Kwa injini iliyotumika, ambayo huijui historia yake, na kwa mtu anayevuta tela, ningekushauri uache geji ya gari kama ilivyo na kuongeza ya pili yenye namba, iliyonunuliwa pamoja na sensa yake kwenye boksi moja. Ukipenda isiyotumia umeme, zipo zile zenye mrija mwembamba wa shaba unaotoka kwenye ncha hadi kwenye uso wa geji; ndani ya mrija kuna kimiminika kinachoongeza shinikizo kwa joto na kusukuma mshale. Hazihitaji omu, ethi wala stabilaiza, ila mrija haukatwi wala haurefushwi. Ukizidi urefu, ukunje kuwa duara kubwa kama la sahani ya chai, uufunge mahali usipotikisika, na pale unapopita kwenye bati la mbele uuvalishe mpira.

Jambo moja hakuna geji ya maji itakayokuonyesha, iwe ya umeme au ya mrija. Maji yakivuja yote, ncha inabaki hewani, na hewa haiipi joto kama maji, kwa hiyo mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Kwa hiyo pamoja na geji funga sensa ya joto la chuma, ile yenye tundu kama la washa inayobanwa chini ya bolti ya hedi, na uipe king'ora. Iweke ipige nyuzi 15 hivi juu ya kiwango utakachokisoma ukiwa umevuta tela iliyojaa kwa saa nzima, maana chuma cha hedi hakina joto sawa na maji, na kila injini ina kiwango chake.